Mwezi Uliochelewa na Amana ya Habiba

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne, tableti yangu ilipowaka upya katika kibanda cha fundi mjini Garissa na kuniuliza ninataka kutumia lugha gani, kana kwamba haijawahi kuniona. Nakumbuka saa kwa sababu niliitazama. Ninapoogopa, hutazama saa.

Assalaam alaikum, ndugu zangu! Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye siku ile alinionyesha kipimo changu.

Mimi nauza dawa za mifugo. Shuleni niliishia darasa la sita. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma zile karatasi zinazokunjwa ndani ya boksi za dawa, kisha vitabu, kisha mtandao. Wafugaji huniita daktari, na nimechoka kuwasahihisha. Kwa miaka mingi nilijivunia jambo moja tu: utaratibu. Kila mnyama niliyemtibu nilimpiga picha na kuandika dalili zake. Kila nilipopata mtandao mzuri, tableti ilipeleka nakala kwenye hifadhi ya mtandaoni. Watu walipolia kwamba simu zimepotea na picha zao zote, niliwahurumia kwa mdomo, lakini moyoni nilisema: hawa hawana mpango. Mungu anisamehe.

Sasa sikilizeni nilichokuwa nimebeba. Mfugaji mmoja wa Kotile, jina lake Abdi, aliugua ini. Nilikuwa nimeenda kutibu ngamia wake akanishika mkono, akasema, "Daktari, washa hicho kioo chako, nirekodi ningali na sauti." Akatembea na fimbo yake katikati ya kundi, akamgusa ngamia mmoja baada ya mwingine. Alisema majike watano na uzao wao wote si wake, bali ni mahari ya mkewe Habiba, ambayo hakuwahi kumtengea.

Kwetu hilo ni la kawaida. Mke akipewa ngamia wa mahari, huwaacha katika kundi la mume, na ndama wakizaliwa huchomwa chapa ya mume. Nani atahangaika kutenganisha mali ya watu wanaolala nyumba moja? Lakini mume akifa, macho huona chapa moja tu, na kundi lote huonekana kuwa urithi.

Abdi alifariki. Habiba alibaki na mabinti wawili wadogo. Ndugu wa marehemu, Hussein, mfanyabiashara wa Mandera, alirudi nyumbani kwa ajili ya mgawanyo, kwa kuwa naye ana fungu lake. Hussein si mtu mbaya, ndugu zangu. Alimwambia Habiba mbele za watu, "Shemeji, nikisikia ndugu yangu amesema hivyo, sitagusa hata mkia. Lakini sijasikia." Sheikh na wazee wakapanga kukutana Alhamisi. Mimi peke yangu nilikuwa shahidi mmoja, na mmoja hatoshi. Habiba alinipigia simu akasema, "Walaal, ndugu yangu, ile sauti ya Abdi iko?" Nikamjibu, "Iko. Usiwe na wasiwasi."

Jumatatu tableti ikagoma kuwaka. Jumanne asubuhi nikampelekea Yusuf, fundi wangu wa siku nyingi, mzee mwenzangu.

"Daktari, hii nikiitengeneza lazima nifute yote. Vitu vyako viko juu, mtandaoni?"

"Viko."

"Umewahi kujaribu kuvishusha?"

"Yusuf, unanijua. Mimi nafanya mambo kwa utaratibu."

"Haya, bwana utaratibu," akasema, akabonyeza.

Kwa kweli, sikuwa nimewahi kujaribu kuvishusha hata siku moja.

Niliingiza nywila kutoka daftari langu. Ilikubali. Lakini kwa kuwa tableti ilionekana kama kifaa kigeni, hifadhi ilitaka uthibitisho wa pili: namba ya siri itakayotumwa kwenye laini yangu ya zamani, niliyotumia nilipofanya kazi Mandera na ambayo ilikufa zamani. Kama laini haipo, niandike tarehe ya kuzaliwa niliyojisajili nayo. Majaribio ni matatu. Baada ya hapo akaunti itafungwa kwa siku saba. Alhamisi ilikuwa keshokutwa!

Nikaandika tarehe iliyo kwenye kitambulisho: tarehe moja Januari. Wengi wetu hapa tulizaliwa tarehe moja Januari, kwa sababu karani aliyetuandikisha hakuwa na nyingine ya kutupa. Ikakataa.

Yusuf akacheka kidogo. "Wewe pia ni wa Januari? Basi tungefanya sherehe pamoja, mimi na wewe na nusu ya Garissa."

Sikucheka. Nilikuwa nimekumbuka. Nilipofungua akaunti ile nilikuwa katika kujifunza hesabu ya kalenda, nami nilitaka kujua siku yangu ya kweli. Nilimuuliza mama, nikaigeuza tarehe ya Kiislamu kuwa ya kizungu, na kwa majivuno nikajisajili nayo. Karatasi ya hesabu ile siwezi kuipata hata leo.

Nikampigia mama, ambaye yuko Kotile na ana miaka yake mingi.

"Hooyo," nikamwambia, ndivyo tunavyomwita mama, "nilizaliwa siku gani?"

"Waryaa, wewe Adan! Nilishakuambia ukaandika. Karatasi umeila?"

"Imepotea, hooyo."

"Siku ya pili ya Idi baada ya mfungo, mwaka ule mto ulipoingia shambani kwa babako. Na ulikuwa mzito! Andika na hilo."

Mwaka niliujua. Nikachukua jedwali la kalenda kwenye simu ya Yusuf, nikahesabu mara mbili, nikapata siku. Nikaandika. Ikakataa.

Ndugu zangu, limebaki jaribio moja! Akilini nilimwona Habiba ameketi mbele ya wazee, akiulizwa, naye akinitazama mimi. Wale majike watano ndio maziwa ya mabinti wake. Bila wao angekuwa mtu wa kupewa, katika mji alimokuwa mtu wa kutoa. Na ni mimi niliyemwambia asiwe na wasiwasi. Amana ilikuwa mkononi mwangu, na nilikuwa nimeipoteza kwa sababu niliona haya kumwambia fundi, "Sijui, sijawahi kujaribu."

Adhana ya adhuhuri ikaita. Nikaiacha tableti juu ya meza na kwenda msikitini. Nilipomaliza kuswali niliinua mikono, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sikumweleza Mungu mpango wangu. Nilisema tu, "Ya Rabbi, sijui. Mali ni ya mjane na mayatima. Mimi sijui."

Nikatoka, viatu bado mkononi, simu ikalia. Alikuwa mama.

"Wewe ulikata haraka, sikumaliza. Mwaka ule mwezi tulichelewa kuuona. Kulikuwa na mawingu siku zote, mvua. Wengine walisema tufungue, sheikh akakataa, tukafunga thelathini kamili. Mimi na tumbo lile! Nilimkasirikia sheikh huyo mpaka alipokufa, Mungu amrehemu."

Nilisimama pale mlangoni, watu wakinipita. Jedwali lilikuwa limehesabu siku ishirini na tisa za mfungo. Idi yetu ilikuwa siku moja baadaye, na zamani, mama aliponieleza, niliihesabu hivyo, kisha nikasahau. Jedwali halikuwa na mawingu ya Kotile!

Nikarudi kwa Yusuf. Nikaongeza siku moja. Nikasema bismillahi. Yusuf aliacha kazi yake akasimama nyuma yangu, hana mzaha tena. Nikabonyeza.

Ikafunguka!

Alhamdulillahi! Nililia mbele ya wateja wa Yusuf. Video ilishuka polepole, mtandao ukikatika na kurudi, mpaka baada ya alasiri ikakamilika. Niliicheza mara moja tu, kuhakikisha. Kisha nikaweka nakala ya pili kwenye simu yangu na ya tatu kwenye simu ya Yusuf, na zote nikazifungua mbele yake.

Alhamisi tulikaa Kotile. Sauti ya Abdi ilitoka, dhaifu lakini wazi, akimtaja kila ngamia kwa jina na mama yake. Mwishoni alisema, "Hussein, ndugu yangu, nilipaswa kukuambia mwenyewe. Uko mbali, na mimi nimechelewa." Hussein alijifunika uso kwa shali. Hakuna aliyemharakisha. Alipoufunua alisema, "Rudisheni nyuma kidogo. Nataka kulisikia jina langu tena."

Tukamrudishia mara tatu. Kisha akasimama, yeye mwenyewe, akaingia kundini na kuwatenga ngamia wa shemeji yake, na hakuruhusu mtu mwingine kuwagusa.

Ndugu zangu, simwambii mtu aache utaratibu. Hifadhini nakala, na mjaribu kuzifungua kabla hamjazihitaji. Waulizeni mama zenu siku mlizozaliwa wangali hai na waweza kujibu. Lakini msiweke moyo wenu juu ya nakala. Mwekeni Mungu mbele, mseme "sijui" mapema kuliko nilivyosema mimi, naye hatamwacha mjane wala yule aliyepewa amana yake. Namshukuru kwa ngamia kumi na saba waliorudi kwa Habiba siku ile, majike watano na uzao wao, ambao wazee waliwakadiria kwa bei ya soko la Garissa kuwa shilingi milioni moja na laki nne.