Shemeji Anayepungua Chini ya Wingu

Benchi la kijiweni liko mbele ya karakana ya baiskeli. Mguu wake mmoja ni tairi kuukuu, kwa hiyo mtu mmoja akiinuka ghafla, wote wanamwaga kahawa. Asubuhi hiyo katikati alikaa mpiga picha za pasipoti, ambaye mtaa mzima unamwita Usipepese, maana ndiyo amri yake kwa kila mteja. Tangu watu wote wawe na simu, wanaoingia studio kwake ni nzi tu. Sasa wachapishaji wa kalenda walikuwa wanataka picha ya wingu la ajabu kabla ya saa sita mchana, na yeye jana alikwenda mbugani kuikamata dhoruba. Alirudi na picha tatu, zimesafishwa, hazina nakala. Kifua kilikuwa mbele, lakini macho kila mara yalikimbilia barabarani.

— Hili ni wingu au rundo la sahani? akauliza Fundi, mwenye karakana.

— Wingu, tena linazunguka! Lilinguruma mpaka kamera ikatetemeka. Na sikurudi nyuma hata hatua moja.

— Na huyu mwenye mwavuli?

— Shemeji yangu. Picha bila mtu ni picha ya nani? Nilimsimamisha ili ukubwa wa wingu uonekane. Nikamwambia asipepese.

Habari ya Dunia, fundi redio, akavaa miwani na kuzipanga picha gotini.

— Ngojeni. Ya kwanza, shemeji mkubwa. Ya pili, kama kidole. Ya tatu, nukta. Jamani, huyu mtu anapungua!

— Ni maji hayo, Fundi akasema. Hata suruali yangu ilipofuliwa ilirudi.

— Suruali ni pamba. Shemeji naye ni pamba?

— Basi wingu linamtoa upepo, kama mpira wa baiskeli.

— Wapi! Linanyonya urefu. Huoni lenyewe lilivyonenepa? Mama Birika, yule mjomba wako mfupi hakuwahi kunyeshewa mbugani?

— Amezaliwa hivyo, akasema Mama Birika, akimimina kahawa.

— Na mama yake, hakunyeshewa?

Mama Birika akafikiri.

— Mara moja.

— Umeona!

Usipepese alicheka kuliko wote. Ukweli alikuwa nao peke yake. Radi ilipopiga, alitimua mbio kuelekea kwenye pikipiki yake, akigeuka na kubofya, na kila alipobofya shemeji alikuwa mbali zaidi, amesimama wima vilevile kama alivyoagizwa. Usiku alimdanganya mkewe kwamba shemeji huyo, kaka yake mke, amelala studio. Aibu aliiona, ila kalenda aliitaka zaidi.

— Tuma ya tatu, Fundi akaamua. Watu waone alivyokwisha.

Lori la mkaa likasimama. Akashuka mtu mwenye matope hadi masikioni, mkononi kabeba mbavu za mwavuli. Benchi zima likampima, kutoka utosini hadi kwenye kandambili moja aliyobaki nayo.

— Mbona hajapungua? akanong'ona Habari ya Dunia, kama mtu aliyeibiwa.

Shemeji akaziangalia picha taratibu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akamgeukia mwenye kamera.

— Shemeji, kwani ile pikipiki inabeba mtu mmoja tu?

Usipepese alipepesa macho mara tatu, akainuka ghafla, benchi likabinuka, na kahawa yote ikamwagikia mawingu ya pichani.