Siku Niliyofuta Jina la Baba Wanja

Bwana Yesu asifiwe, watu wa Mungu! Asifiwe tena! Na ninyi wa viti vya nyuma, nimewaona, hamjajibu.

Kwa wale hawanijui, mimi ni Mama Wanja, yule mwenye nyumba ya meza za pool pale Manyatta. Najua kuna mtu ameshtuka kuniona hapa mbele. Hata mchungaji aliponiita alikohoa kwanza. Lakini nimekuja kusema vile Bwana alinitoa mahali pabaya, na mahali penyewe si pale mnapofikiria. Si kwenye nyumba ya meza. Ni hapa ndani, kifuani.

Ile nyumba tuliifungua pamoja, mimi na mume wangu, Baba Wanja. Hatuuzi pombe. Tunauza chai na mchezo. Ina vyumba viwili. Chumba cha mbele kina meza mbili na ni cha kila mtu: wa bodaboda anayengoja abiria, wa kutoka kuchuma majani chai na viatu vyake vya gambuti. Redio inapiga kelele, na mpira ukipigwa vibaya unaruka mpaka barabarani. Chumba cha ndani kina meza moja tu, na hapo ni pa wachezaji wenyewe. Mtu akiinama kulenga, hakuna anayeongea. Kikombe kinaachwa nje. Majina yanaandikwa kwa chaki kwenye ubao, na ukishindwa mara tatu mfululizo jina lako linafutwa, unarudi chumba cha mbele. Hiyo sheria aliiweka Baba Wanja mwenyewe, kwa sababu siku hizo hapakuwa na mtu wa kumshinda.

Kazi ya kuwatenga watu ilikuwa yangu. Ndugu zangu, nilikuwa nawajua! Sikuwahi kushika fimbo ya kuchezea hata siku moja, lakini kwa kukaa mlangoni na birika langu nilikujua kabla hujacheza. Wa kupitisha muda huchukua fimbo ya kwanza anayoigusa. Mchezaji huilaza mezani kwanza, anaiviringisha aone kama imepinda. Wa kupitisha muda hupiga kwa mwili wote kama anapasua kuni. Mchezaji, mkono kutoka kiwiko tu ndio unasonga. Na kubwa kuliko yote, wa kupitisha muda anaangalia mpira anaotaka kuingiza shimoni, lakini mchezaji anaangalia ule mweupe utasimama wapi baadaye. Nilikuwa nainua kidole tu: wewe mbele, wewe ndani. Na nilikuwa nasikia utamu, sitawadanganya. Nikaanza kuwatenga watu hata hapa kanisani. Huyu anaomba kweli, huyu anapitisha muda. Wengine wenu niliwaweka chumba cha mbele miaka yote hii. Nisameheni.

Halafu Baba Wanja akapata kiharusi. Alikuwa shambani anapogoa kahawa, akaanguka kati ya mistari. Upande wa kulia ukalala. Mdomo ukaenda upande. Tulikaa hospitali, tukarudi, tukafanya mazoezi ya kufinya mpira wa soksi, na baada ya miezi akaweza kutembea na mkongojo. Nilimshukuru Mungu, lakini nilishukuru nusu. Nilitaka mume wangu wa zamani.

Jambo la kwanza alilotaka ni kurudi chumba cha ndani. Wenzake wakasimama wakampisha. Akalaza fimbo yake mezani, akaiviringisha kama kawaida, akainama. Ndugu zangu, ule mkono ulitetemeka! Fimbo ikateleza, mpira mweupe ukasonga kidogo tu, kama umesukumwa na mtoto. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Alishindwa siku hiyo, akashindwa kesho yake, akashindwa na siku ya tatu.

Na mimi nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta jina lake. Yeye akiwa amekaa pale pale, ananiangalia.

Hakuna mtu aliniambia nifute. Nilijiambia ni sheria. Nilijiambia wachezaji wa maana watahama waende kwingine. Lakini ukweli ni kwamba niliona aibu. Niliona aibu kwa mume wangu, mtu aliyenioa nikiwa msichana mwembamba, akanijengea, akanilelea watoto.

Yeye akasema tu, kwa ule ulimi mzito, "Ni sawa, Mama Wanja. Sheria niliweka mimi."

Hakurudi tena. Alikaa nyumbani ameangalia ukuta. Nilipomwogesha aligeuza uso. Uji nilimpa haraka haraka kama mtu anayelisha ndama, na akiacha nusu sikuuliza kwa nini. Alianza kupungua. Shati lilimning'inia. Dada yake alikuja akamwona, akalia, na mimi nikakasirika kwamba amelia. Na siku moja asubuhi, nikiwa nasonga ugali wa mbwa, niliomba maombi ambayo sijawahi kumwambia mtu mpaka leo. Nilisema, "Mungu, kama humponyi, basi mchukue."

Ndiyo. Mimi Mama Wanja. Niliomba hivyo, na nikaendelea kusonga ugali.

Wiki hiyo hiyo Mwalimu Ireri alikuja mchana. Mwalimu ni mmoja wa wale wa chumba cha ndani, mtu wa maneno machache. Akanunua chai, hakunywa. Akaniuliza, "Mama Wanja, mzee yuko wapi? Sisi tunamngoja."

Nikamwambia, "Mwalimu, si umeona vile anacheza? Mkono umekwisha."

"Mkono, ndiyo," akasema. "Lakini macho yake je? Siku ile ya mwisho alikuwa ananiambia mahali mpira mweupe utasimama, na mimi hata sijapiga. Hajakosea hata mara moja. Jina lake lilifutwa na nani?"

Ndugu zangu, birika liliniponyoka mkononi! Mimi mwenye kujua wachezaji! Kile kitu kikubwa nilichokuwa nakitafuta kwa kila mtu, mume wangu alikuwa nacho bado, na sikukiona kwa sababu nilikuwa naangalia mkono unaotetemeka. Nilifunga nyumba mchana kweupe, nikaenda nyumbani karibu nikimbie. Nikapiga magoti kwanza jikoni, nikamwambia Mungu, yale maombi yangu uyatupe, Baba, usiyasikie. Kisha nikapiga magoti mbele ya Baba Wanja. Aliangalia ukuta wake. Nikasema lililokuja mdomoni: "Nifundishe kucheza."

Kesho yake asubuhi, kabla wateja hawajaja, nilimkalisha kwenye chumba cha mbele. Nikachukua fimbo. Akagonga sakafu na mkongojo wake: ko!

"Imepinda," akasema. "Viringisha kwanza."

Nilikuwa nimechukua ya kwanza niliyoigusa! Nikaiviringisha, nikachukua nyingine, nikainama, nikapiga kama napasua kuni. Mpira mweupe ukaruka, ukatoka mlangoni, ukavuka barabara, ukaingia kwenye mtaro wa watu. Nikageuka. Baba Wanja alikuwa anacheka. Mdomo umeenda upande, machozi yanamtoka, anacheka! Nilikuwa sijasikia hicho kicheko tangu siku aliyoanguka. Nikakaa sakafuni nikalia, nikashika goti lake, na yeye akaweka ule mkono mbovu juu ya kichwa changu. Ulikuwa unatetemeka. Sikutaka auondoe. Siku hiyo alikula nduma mbili akaitisha ya tatu.

Jina lake nililiandika tena mimi mwenyewe, juu kabisa ya ubao. Siku hizi hukaa kando ya meza ya ndani, na wachezaji humuuliza kabla ya kupiga. Na mimi hunifundisha kila asubuhi. Bado mimi ni wa chumba cha mbele, mniombee.

Mkono wake haujapona. Tumeombea, tunaendelea kuombea. Aliyefunguliwa ni mimi. Na kama kuna mtu hapa aliyechoka na mgonjwa wake, au anaomba maombi kama yale yangu na anaogopa hata kuyakumbuka, nakusihi, njoo. Mungu hakuyajibu yangu, na pia hakunifukuza. Mwamini.

Namalizia. Leo tumechelewa, na mama wa mlangoni hapa kanisani ametuangalia kwa jicho kali. Mama, usikasirike. Tukijiandaa nyumbani, Baba Wanja amekataa nimfunge vifungo vya shati. Amesema atafunga mwenyewe, kwa ule mkono. Vifungo ni saba. Nimekaa kitandani na mkoba mapajani, nikisikia mmeshaanza kuimba huku, na sikumharakisha. Amekosea tundu moja, shati limeenda upande, na sikuligusa.

Simama, Baba Wanja, wakuone. Pole pole tu. Hatuna haraka.