Mji wa Baba Ng'ambo ya Ziwa

Ndugu zangu, mimi ndiye yule anayeuliza maswali wenzake wakisema amina. Leo nawaeleza nilikoupata ugonjwa huo.

Nilipokuwa mdogo, kila Jumapili Mama alinipeleka bandari ya Port Bell kutazama meli zikipakia mabehewa. Aliniambia Baba ni fundi katika mji ulio ng'ambo ya ziwa, wenye mitaa ya vigae vya buluu, na mnara ambao kengele yake hupigwa na tumbili. Niliuchora mji ule. Shuleni niliupigania kwa ngumi.

Nikiwa chuoni, shangazi alinitazama huku akimenya ndizi za matooke, akasema, "Baba yako angeona vitabu hivi, Luzira nzima ingesikia kicheko chake."

"Luzira alifuata nini?"

Kisu kikasimama. "Alifungwa gereza la pale, mwanangu. Alifia humo. Kwani hukuambiwa?"

Ndugu zangu, gereza lile liko jirani tu na bandari. Jumapili zote zile nilikuwa nimempa baba yangu mgongo!

Nikachoma michoro, nikaondoka kwa Mama. Hata riwaya niliacha. Wasomaji wake niliwaita wajinga wanaonunua uongo.

Kisha dada mmoja wa ushirika huu akanikokota twende tukawasomee wafungwa, Luzira hiyohiyo. Nilibeba kitabu cha sheria. Ukurasa wa pili, mzee mmoja akanikatiza:

"Mwalimu, ukweli tunao wa kutosha humu. Tupe mji."

"Mji gani?"

"Wowote, mradi haupo."

Nilikuwa na mmoja tu. Nikasema, "Paukwa!"

"Pakawa!" wakaitikia wote.

Nilipofika kwa tumbili, mmoja akauliza, "Huyo analipwa?"

"Kuliko askari wetu!" akajibu mwenzake, na askari mwenyewe akacheka.

Hakuna aliyedanganyika. Kuta walikuwa wakiziona. Waliitikia, wakaingia kwa miguu yao, na njia ya kurudi waliijua. Ndiyo raha ya mji usiokuwepo. Mimi niliingizwa nikidhani ni Kampala nyingine.

Namshukuru dada yule, na wazee wa Luzira. Nanyi wazazi, watungieni watoto miji, lakini waacheni kwanza waitikie.

Mama, nakuona hapo nyuma. Bado inauma, sitakuficha. Jumapili nitakuja kula kwako. Nisimulie mji uleule. Ila safari hii sema "Paukwa", kisha unisubiri.