Opicho Hataki Kuambukiza Watu

Mimi husema bila aibu kwamba benchi letu la Kware lina akili kuliko bunge. Liko chini ya ghorofa ya kijani, mahali ambapo jua huchungulia adhuhuri tu kwa vile majumba yamebanana, na Filsan muuza kahawa huegesha birika lake la tangawizi papo hapo. Jumapili hiyo tulikuwa na kesi nzito. Opicho, mtu wa tanuri katika kiwanda cha biskuti, alikuwa amepata Covid. Alipimwa zahanati, akaambiwa akae nyumbani mpaka joto la mwili liishe na nguvu zimrudie. Sasa msimamizi wake alikuwa ametuma ujumbe: kesho unakuja au huji? Jibu lilitakiwa siku hiyo hiyo, na Opicho akaleta swali mahali panapostahili.

— Joto imeisha, akasema. Lakini kikohozi bado inanitembelea. Nikirudi mapema nitaambukiza watu. Nikichelewa, ile tanuri watapea mtu mwingine.

— Kwani Covid bado iko? aliuliza Owen. Huyu tunamwita Refa kwa sababu huchezesha mechi za vijana wa mtaa, na hata akiwa ameketi anatoa kadi. Akaendelea: Manze, hiyo ugonjwa si iliisha kitambo? Zile ndoo za kunawa mikono siku hizi mathe anafulia nguo.

— Iko, buda. Usiku ilinilaza kama gunia.

Mzee Thuo akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayeomba nafasi ya kuhutubia. Yeye tunamwita Seneta. Hutengeneza redio, kwa hiyo amesikia taarifa nyingi kuliko sisi sote, na sijawahi kumsikia akikubali kwamba kuna kitu asichokijua.

— Kijana yangu, sikiza mimi. Hii kitu ilikuja na ndege. Ni ugonjwa ya watu wa lifti. Haijui ngazi. Wewe unaishi floo ya ngapi?

— Ya saba, mzee.

— Basi umepona. Ilichoka ikifika ya tatu.

— Zii, Seneta, akasema Refa. Hii ya siku hizi imezaliwa hapa hapa Kware. Ngazi imezoea. Hata stima ikipotea inapanda na giza. Mimi nasema msee apimwe uwanjani. Opicho, chukua ule mtungi upande nao mpaka juu. Ukifika bila kusimama, kesho uko wera, kwa tanuri yako.

Nilidhani ni mzaha. Opicho akanyanyua mtungi wa maji wa Filsan, akapotelea kwenye ngazi. Tulingoja mpaka shingo zikauma. Mwishowe akachomoza juu kabisa, katikati ya mashuka ya watu yaliyoanikwa, akatupungia mkono. Tulimpigia makofi. Aliposhuka aliketi polepole sana, akilishika benchi kwa mikono miwili.

— Nimepona, akasema, kisha akavuta pumzi. Si nimepona?

— Maji yangu iko wapi? akauliza Filsan.

— Iko juu.

— Sasa mimi nitasuuza vikombe na nini?

— Wacha maji, akasema Refa. Umefika, sawa, lakini ulisimama floo ya nne. Niliona mkono yako kwa dirisha. Hiyo ni kadi ya manjano.

— Nilikuwa nasalimia mtu.

— Na kikohozi je? nikauliza mimi.

— Kikohozi ni dakika za nyongeza, akajibu Refa. Mechi iliisha, ugonjwa ilipigwa, inangoja tu filimbi.

Mzee Thuo alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma, kama mwalimu aliyepewa darasa la wajinga.

— Hamjauliza swali ya maana. Hiyo kiwanda iko upande gani ya Outering Road?

— Ng'ambo, mzee.

— Mmeona? Covid ya upande huu inabaki upande huu. Ama kuna mtu amewahi kuona ugonjwa ikivuka lile daraja ya juu? Opicho akivuka tu, anaiacha ikimwangalia.

Hapo nami sikuweza kunyamaza watu wakipotoka. Niliwaeleza kwa upole kwamba mdudu huyo hukaa kooni, na kahawa ya moto yenye tangawizi humpika humo humo. Opicho alikuwa akinywa kahawa ya Filsan kila asubuhi. Kwa maoni yangu mdudu alishaiva, kilichobaki ni kumtema.

— Sasa huyo ameongea, akasema Seneta. Hapa ni salama kuliko hospitali.

Akachukua kikombe cha Opicho, akapiga funda moja kutuonyesha mfano, akamrudishia. Filsan akaguna.

Opicho peke yake hakucheka.

— Nyinyi mnacheza. Pale kwa tanuri nasimama na Mideva, bega kwa bega. Mtoto wake ni wa kifua, kila saa hospitali. Nikipatia mama yake hii kitu apeleke nyumbani, nitamwangalia na macho gani? Tangu nipimwe sijakanyaga hiyo kiwanda. Hata langoni sijafika.

Najua watu ambao wangeenda kazini na joto mwilini, wakameza dawa chooni, wakajifanya wazima. Nilimpenda Opicho kwa neno lile, na nikamwambia hivyo mbele ya wote.

— Huyu ni mtu, akasema Refa.

— Watu kama wewe ndio tunataka wasimame uchaguzi, akaongeza Seneta.

Tulikuwa bado tunamsifu Selpher alipotokea akitembea haraka, kitambaa kimefungwa ovyo kichwani. Selpher, au Mama Ayuma kama tunavyomwita, ni mke wa Wekulo fundi viatu, mwenzetu wa benchi. Wekulo hakuwa amefika asubuhi hiyo, na hakuna aliyekuwa ameuliza kwa nini.

— Karibu kahawa, Mama Ayuma, akasema Filsan.

— Asante, leo siwezi. Wekulo amelala na joto usiku wote. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikasikia Opicho alipimwa, nikasema nikuje nimuulize yake ilianza aje.

— Hiyo si Covid, akasema Mzee Thuo papo hapo. Wekulo anashona viatu hapa hapa mtaani. Hajaenda mahali. Angeipata wapi?

Selpher alikuwa akimtazama Opicho.

— Kwani wewe umepona?

— Bado kidogo, mama. Ndio tunaangalia kama nirudi kazi. Lakini sijarudi, haki ya Mungu. Sitaki kuambukiza watu.

— Hapo umefanya vizuri. Na hapa? Hapa ulirudi lini?

Opicho akamgeukia Refa, Refa akamgeukia Seneta, na Seneta, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu, akanigeukia mimi. Hakuna aliyeweza kusema alirudi lini, kwa sababu hakuwahi kuondoka. Tangu siku aliyotoka zahanati alikuwa akishuka kila asubuhi kuketi katikati yetu, nasi tukimsifu kwa kukaa mbali na kazi.

— Hapa si kazi, akasema Refa, akijisogeza mwisho wa benchi.

— Mama ya Wekulo ametoka Kimilili juzi, ni mgonjwa wa moyo, akasema Selpher. Tunalala wote chumba moja. Nyinyi wenye kujua, niambieni huyo mama nitamlaza wapi?

Niliona midomo ya Mzee Thuo ikitembea bila sauti. Alikuwa akiwataja wajukuu zake, mmoja mmoja. Nami nilikuwa nikimfikiria mke wangu, jinsi alivyopiga chafya asubuhi nikamcheka. Filsan alifunika birika.

Opicho aliinuka, akavuka mtaro, akaenda kusimama peke yake ukutani upande wa pili. Akavuta kola ya shati ikamfunika mdomo.

— Mama Ayuma, akaita kutoka kule. Mwambie Wekulo...

Kikohozi kikamkatiza, nasi wenye akili kuliko bunge tukaziba midomo kwa viganja.