Fela na Chevrolet ya Baba Yake: Wasifu wa Eufelia Madrid

Ndugu, jamaa na majirani, huyu tuliyekuja kumzika leo hakuwa mtu wa kungoja. Eufelia Madrid, Fela wetu, alizaliwa tarehe 11 Machi 1957 kijijini Truchas, New Mexico, wiki tatu kabla ya siku aliyotarajiwa. Mama yake alizoea kusema kwamba haraka hiyo haikumtoka tena.

Alisoma shule ya msingi Truchas na sekondari Española, akahitimu Mei 1975. Hesabu zilimpiga chenga, lakini chochote chenye injini hakikumshinda. Kuanzia 1979 hadi 2017 aliendesha basi la shule kwenye barabara za milimani, na theluji kwake haikuwa kisingizio. Mtoto aliyesahau chakula alipewa nusu ya burito ya Fela mwenyewe, chapati iliyokunjwa yenye maharage na pilipili ya kijani, pamoja na maneno makali ya kumtosha hadi jioni.

Tarehe 20 Juni 1981 alifunga ndoa na Abrán Madrid, karani wa posta, mtu mpole ambaye hata msumari ulikuwa ukimpa taabu. Walijaliwa binti mmoja, Marisela. Waliishi kwa furaha na kwa ubishi, na ubishi mkubwa kuliko wote ulihusu Chevrolet ya mwaka 1951 aliyoiacha baba yake Fela.

Gari hilo lilikuwa limelala shambani tangu mfereji wa kumwagilia ulipofurika, na sakafu ililiwa na kutu hadi ukiketi unaona majani. Fela alikuwa na hamu moja: kuliendesha Ijumaa Kuu katika msafara wa Española, magari yakiwa yameshushwa hadi yanakaribia kugusa lami. Abrán alisema wakodi fundi wa kuchomelea. Fela alisema wanunue mashine yao. Mwaka 2015 Fela alikubali shingo upande, gari likapelekwa kwa fundi Tranquilino. Miaka mitatu baadaye walilikuta chini ya turubai, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma.

“Fundi, hii ni gari au banda?” Fela aliuliza.

“Mama, foleni ni ndefu. Wiki ijayo naanza na wewe.”

“Wiki ijayo ya mwaka gani? Njoo unisaidie kusukuma. Na mayai nachukua!”

Kesho yake alinunua mashine. Abrán alinuna hadi chakula cha jioni.

Tuseme ukweli, alianza vibaya. Kwa pupa alichomelea mshono mrefu kwa mkupuo mmoja, bati likapata moto na kujikunja kama chapati. Akalikata, akaanza upya, nukta hapa, nukta kule, akisubiri lipoe, na kule kusubiri kulimtesa kuliko cheche. Lakini chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, hakuigusa. Alimwita Tranquilino na kumwambia bila aibu, “Sakafu ikiachia nitaaibika. Chesisi ikiachia nitakufa. Hiyo ni kazi yako.” Abrán alitamba mtaa mzima kwamba ameshinda.

Oktoba 2022 Fela aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Ilipofika Februari 2024 mikono yake haikuweza tena kazi ile, na kipande kimoja cha sakafu, upande wa abiria, kilikuwa bado wazi. Abrán alishika simu ampigie Tranquilino. Fela, aliyekuwa ameketi gerejini amejifunika blanketi, hakubisha. Aligeuza uso tu. Abrán hakuwahi kumwona akikubali upesi namna hiyo, na moyo ulimuuma. Akaiweka simu chini, akavaa kinyago cha mkewe cha kuchomelea, akashika mpini wa mashine.

“Umeishika kama kalamu,” Fela alisema.

“Kalamu ndiyo ninayoijua, mama.”

“Haya, andika basi. Nukta moja. Acha ipoe. Mzee! Nimesema acha ipoe!”

Mshono ulitoka na vilima na mabonde, lakini ulishika. Fela alipiga makofi hadi blanketi likaanguka.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024. Ameacha mume, binti yake Marisela na mkwewe, wajukuu wawili, dada yake Crescencia, na watu wazima wengi aliowahi kuwafokea kwenye basi.

Familia imeomba tumalizie na Ijumaa Kuu ya mwaka huu, tarehe 29 Machi. Fela alikuwa nyuma ya usukani, amepaka rangi ya mdomo, anapiga honi bila sababu. Abrán alikaa kando yake, akiogopa hata kuikanyaga kazi yake. Msafara uliposimama, mwanamume mmoja asiyewajua aliinama dirishani akaikagua sakafu, ambayo Fela alikataa katakata kuiwekea zulia.

“Sakafu safi sana, mama! Nani amekuchomelea?”

Fela akamnyooshea Abrán kidole.

“Mume wangu huyu!” alijibu kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara.

Mungu ampokee Fela wetu, na ampe pumziko jema.