Bi Taratibu, Aliyepima Hofu Bila Sindano

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1968, mtoto wa tatu wa fundi seremala na mama muuza maziwa. Tangu utotoni alikuwa mwoga, na hatutamvika ushujaa leo eti kwa kuwa hawezi kukataa. Radi ikipiga, alitafutwa uvunguni mwa kitanda. Baba yetu alizoea kusema, "Mwacheni. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akamaliza sekondari mwaka 1985, kisha akahitimu chuo cha mifugo mwaka 1989. Chuoni aliwahi kuzimia kwenye somo la sindano, na aliyekuwa akichomwa ni ng'ombe.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya shamba la ng'ombe wa maziwa, kupima msongo na hofu ya wanyama. Wenzake walitoa damu shingoni. Yeye hakutaka.

"Mnamtisha, halafu mnampima kama ametishika," alimwambia mkuu wake.

"Haya, tuletee njia yako," mkuu akamjibu.

Akaileta. Alizoa kinyesi kikishaanguka, akachukua maziwa ya asubuhi, na baadaye manyoya ya mkiani, akatafuta humo kemikali ambayo mwili huitoa unapokuwa na hofu. Kinyesi kinaeleza ya jana, alitufundisha, na manyoya yanaeleza ya miezi. Ya sasa hivi utayaona machoni, weupe wa jicho ukijitokeza kupita kawaida. Zizini walimbandika jina la Dokta Kinyesi, naye aliitika bila kinyongo.

Mwaka 1998 majibu yalimkosesha usingizi. Zizi zima lilionekana kuishi kwa hofu. Alikagua maji, sakafu na mashine ya kukamulia, asione kitu. Asubuhi moja koti lake jeupe lilimwagikiwa na kinyesi, akaazima ovaroli la buluu la mkamuaji mmoja. Alipoingia zizini, hakuna ng'ombe aliyemtolea macho. Ndipo alipoelewa. Daktari wa sindano naye alivaa koti jeupe, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa miaka yote hiyo aliyekuwa akiwatisha ni yeye mwenyewe. Alilia, kisha akafungia koti kabatini.

"Utanirudishia lini ovaroli langu?" mkamuaji aliuliza.

"Taratibu," alijibu.

Hakulirudisha. Damu zao zilipatana, wakafunga ndoa tarehe 18 Septemba 1999, wakajaliwa mabinti wawili.

Mapema mwaka 2023 aliona uvimbe shingoni, akaufunika kwa kitambaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, naye alilijua hilo kuliko sisi, lakini aliogopa sindano. Alipokubali kutibiwa, ugonjwa ulikuwa umefika mapafuni. Wodini, kila lilipoingia koti jeupe, weupe wa macho yake ulijitokeza na mikono yake ikafumbata shuka. Mabinti zake waliona, na kwa kuwa aliwafundisha mwenyewe, hakuweza kuwaficha.

"Baba watoto, naogopa," alimwambia mumewe. "Sitaki kufa nikiwa nimeshtuka hivi."

Shemeji hakumwambia asiogope. Alikwenda nyumbani, akarudi amevaa lile ovaroli la buluu, viraka viwikoni.

"Mzee, mafundi wa mabomba wanapitia nyuma," mlinzi alimwambia.

"Mimi ni mume wa mgonjwa."

Akaketi miguuni pa kitanda, mahali ambapo mkewe angemwona bila kugeuza shingo, na hapo ndipo alipokaa hadi mwisho. Makoti meupe yaliendelea kuingia na kutoka. Hatutasema hofu ilimwisha. Ila pumzi ilitulia, na vidole vikaachia shuka. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Machi 2024.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na sisi ndugu zake wanne. Baba, uliteleza: leo kilio kimefika kwa mwoga, na uwanja umejaa.

Shemeji yetu ameketi hapa mbele, na tangu jana anasema hana shida. Tunawaomba, msimuulize kama anaogopa kurudi kwenye nyumba ile. Tazameni mikono yake. Kisha kaeni mahali anapoweza kuwaona.

Dada, pumzika kwa amani, taratibu.