Beji Iliyobaki kwenye Kopo la Vifungo

Sogeeni, wanangu, na wewe Octavian zima hiyo simu, maana ninalosema leo sitalirudia. Nomsa, andika kama ninavyotamka, usinipambie. Eva, funga mlango. Majirani wa hapa Kensington hawajui Kiswahili, lakini siku hizi simwamini hata asiyeelewa.

Nyumba ni yenu watatu, asitokee wa kumtoa mwenzake. Cherehani ni ya Eva. Masufuria makubwa ni ya Nomsa, na asiyapeleke kwa wakwe zake. Hayo yamekwisha. Limebaki koti la baba yenu, na hapo ndipo mnapoanza kutupiana macho, nawaona.

Octavian, tangu tumzike Obadia miaka miwili iliyopita, koti lake hulivui. Unalindia geti la watu nalo, unazurura sokoni Newtown nalo. Kwa baridi ya Juni sikukatazi, koti ni nguo. Ile beji ya kitambaa begani si nguo. Sisi tuliokaa na wapiganaji wa ukombozi kule Morogoro tuliijua adabu yake: raia akiazimwa koti, hufumua beji kwanza akamrudishia mwenyewe mkononi, na anayeivaa huulizwa kambi yake na kamanda wake, naye hujibu kabla hajakaa. Wewe Jumamosi, kwenye maziko kule Rosettenville, ukajipanga mstari mmoja na wazee waliopigana, ukapiga saluti. Yule mzee wa mkongojo akakuuliza, “Kambi gani, mwanangu?” Ukamjibu, “Ya baba.” Eish! Tangu lini kambi ikarithiwa?

Jana mzee huyohuyo kaja kunijulia hali, kaleta machungwa. Machungwa ya mtu nisiyemjua mimi nayatazama mara mbili. Hata hajakaa vizuri ameshaanza: Obadia alikuwa chini ya nani, aliapa kiapo cha wapiganaji mwaka gani. Anasema wanaandika majina ya wapiganaji ukutani, wanalitaka na la baba yenu, na Alhamisi watafuata jibu langu. Nikajifanya nakohoa mpaka akaaga. Alipofika getini kikohozi kikawa cha kweli.

Sasa sikilizeni, na asiniinukie mtu. Baba yenu hakuapa. Alikuwa mpishi wa shule ya chama chao, akiwapikia watu mia tatu, na akipika vizuri. Aliyewaambia mengine ni yeye, na mimi nikanyamaza. Beji ile ni ya Vusumuzi, kijana wa kikosi aliyekuwa akija kwetu kila atokapo mafunzoni. Mimi ndiye niliyewafulia yeye na wenzake. Uzi mwekundu wa beji zao ulichuja rangi, kwa hiyo kila beji niliifumua kabla shati halijaingia majini, nikaishona tena likikauka. Wiki ile shati lake lilikuwa bado kambani malaria ilipomchukua, siku mbili tu. Wenzake wakaja mbio kutafuta shati la kumzikia, wakalianua, wakaenda nalo, na beji nimeisahau kwenye kopo la vifungo. Mtoto wa watu akaingia kaburini bega tupu, kama mtu aliyefukuzwa kikosini.

Nikaona aibu kusema. Nikaificha miaka saba. Asubuhi ya kupanda ndege kuja huku, mwaka tisini na nne, baba yenu akaniambia, “Paulina, nirudi kwetu bega tupu baada ya miaka kumi na minane? Mama ataniuliza nilikuwa nafanya nini.”

Nikamwambia, “Mjibu ulikuwa unalisha watu.”

Akaniwekea koti lake mapajani. Nikafungua kopo la vifungo, nikachukua sindano. Mkono ulioshona ni huu, kwa hiyo msimlaumu marehemu peke yake.

Usinijibu Kiingereza, Octavian. Nijibu kwa lugha niliyokulelea, au nyamaza. Najua unachowaza: mama akishafukiwa, beji itabaki ilipo na jina litapanda ukutani. Ndiyo maana hili siwaachii la kesho. Vua koti, lilete hapa kitandani. Eva, mkasi mdogo.

Alhamisi, niwepo nisiwepo, wewe Octavian ndiye utakayempa mzee beji, kwa mikono miwili. Mwambie ni ya Vusumuzi, aliyezikwa Morogoro, ana dada Soweto anaitwa Thandeka, wamtafute. Jina la ukutani ni hilo. Akikuuliza baba yako alikuwa nani, sema alikuwa mpishi, na usiinamishe kichwa. Koti libaki lako.

Ngojeni... nivute pumzi kidogo. Mnizike hapahapa, msihangaike na ndege. Asinipigie mtu saluti. Mungu awatangulie, wanangu... awape kazi mnazoweza kuzitaja mbele za watu. Mpendane, hata kwa kugombana... Eva, anzia chini, ndiko nilikofunga fundo. Kata uzi, usiguse kitambaa. Octavian, mkunjulie dada yako bega... Hivyo. Shikilia tu... asimalize peke yake.